Vitanda vimejaa, magari yako foleni

SWALI: Shikamoo mama. Nasimamia kituo kidogo cha kutibu majitaka hapa Dar es Salaam. Tuna vitanda 8 vya kukaushia tope. Kiangazi tunajimudu, ila masika ikianza tope halikauki, magari ya kunyonya vyoo yanapanga foleni hadi barabarani. Bosi anataka mashine ya kukamua tope. Mimi nasema tuongeze vitanda. Nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hukutaja tangi la kutulizia tope, kwa hiyo nadhani gari linamwaga kitandani moja kwa moja. Basi mnachoanika ni maji. Mita za ujazo 100 za tope lenye yabisi, yaani uchafu mkavu bila maji, asilimia 2 zina takriban tani 2 tu za yabisi. Likitulia tangini hadi asilimia 4, maji ya juu yakaenda bwawani kutibiwa, mnabaki na mita za ujazo 50. Kwa ujazo, ni kama mmepewa vitanda vingine 8 kwa bei ya tangi.

La pili ni aibu yangu mwenyewe. Nilipoanza kazi, foleni ilinitia kiwewe nikaruhusu tope la nusu mita kitandani. Juu likakauka, likapasuka kama ukoko. Nilipochomeka koleo, chini uji mtupu. Kitanda kile kilinifunga mikono msimu mzima. Sentimita 20 hadi 30, usizidishe hata dereva akinuna. Na utazame mchanga wa kitanda unaochuja maji: kila mkikwangua, koleo huondoka nao, unaobaki huziba. Rudishieni mchanga uliooshwa.

Kwa mvua, ezekeni vitanda kwa mabati ya plastiki yanayopitisha mwanga, pande ziwe wazi upepo upite.

Mashine ya bosi si mbaya. Haihitaji eneo kubwa, na mvua haiizuii. Lakini inataka umeme na polima, dawa ya kugandanisha tope liachie maji, kila siku, na tope la vyoo halina tabia moja. La shimo la miaka mingi huachia maji upesi. La choo cha stendi kinachonyonywa kila mara ni bishi. Dozi iliyofaa gari la asubuhi inaweza kukukataa mchana, kwa hiyo lazima mtu ajaribu kwenye ndoo kwanza. Muulize bosi, kwa heshima, polima ya mwaka wa pili itatoka fungu gani.

Niandikie urefu na upana wa vitanda, na magari mangapi kwa siku, nikupigie hesabu ya tangi.