Re: Juu ya nini busole (dira) za banafunzi hazipatani?

Yambo mwalimu, uliuliza juu ya nini banafunzi wako kila mutu anapata kaskazini yake pale kwenye mawe. Ile lava nyeusi yetu ya Goma iko na chuma ndani, ukiweka busole juu ya jiwe sindano inapoteza kaskazini, sasa bashike busole kwenye kifua, batembee hatua kumi hivi, bapime tena, ikibadilika basi jiwe ndiyo linadanganya. Na telefone ziwe mbali! Kwangu mwanafunzi mmoja alikuwa na telefone mufukoni ya shati, akatupeleka ku ziwa eti ni kaskazini 😂 Miye naanzaka kubaonyesha mulima Nyiragongo kaskazini, ziwa Kivu kusini, kisha bakigeuka na busole bageuze mwili wote, hapana mukono tu.