Maswali ya Wasomaji: Kabla Mashine ya Kuchimba Kisima Haijaingia Shambani

Swali: Mhariri, tuna shamba la ekari tatu upande wa Rongai, Kaunti ya Nakuru, nasi tumechoka kununua maji ya lori kila kiangazi. Mchimbaji mmoja ametuahidi kisima cha mita 120 kwa bei ya jumla, akisema maji yapo kwa hakika kwa kuwa jirani aliye umbali wa nusu kilomita anayo. Mzee mwingine alipita na kijiti cha panda cha kutafutia maji akatuonyesha mahali tofauti kabisa. Tumwamini nani, na mchimbaji mwaminifu hupatikanaje?
*Msomaji, Rongai*

Jibu: Ndugu msomaji, mtu wa kwanza kumtafuta si mchimbaji wala mwenye kijiti, bali mtaalamu wa maji ya ardhini aliyesajiliwa. Mchimbaji hulipwa kwa kuchimba, hata shimo likitoka kavu. Mtaalamu hulipwa kwa kukueleza kama inafaa kuchimba, wapi na hadi kina gani; kwa hiyo ni heri umlipe wewe mwenyewe, asiwe mtu aliyeletwa na mchimbaji katika gari moja.

Ardhi ya Nakuru haisomeki kwa kuangalia boma la jirani. Iko ndani ya Bonde la Ufa, imejengwa kwa matabaka ya lava, majivu ya volkeno na udongo uliotuama katika maziwa ya kale, kisha ikakatwakatwa na nyufa. Maji hukaa hasa katika mipasuko ya miamba na katika matabaka yaliyochakaa kati ya mmwagiko mmoja wa lava na mwingine. Ufa mmoja ukipita kati ya shamba lako na la jirani, tabaka alilolipata yeye kwa mita 120 laweza kuwa limeshuka sana upande wako, na kina cha mita 150 hadi 250 si jambo la ajabu katika kaunti hiyo. Ahadi ya bei ya jumla kwa mita 120 inatolewa na mtu asiyejua kilicho chini, au na mtu anayejua kwamba utamlipa nyongeza mashine ikiwa tayari imesimama shambani.

Mtaalamu atapima jinsi ardhi inavyopitisha umeme katika vina mbalimbali, kwa kuwa mwamba mkavu, mwamba wenye maji na udongo wa mfinyanzi huupitisha kwa viwango tofauti. Pia atatazama kumbukumbu za visima vya karibu: kina chake, mahali maji yalipopatikana na kiasi kilichotoka. Kumbukumbu hizo hukusanywa na Mamlaka ya Rasilimali za Maji, ambayo ofisi yake ya eneo la Bonde la Ufa iko mjini Nakuru. Ripoti hiyo si ya kujifurahisha tu, kwa sababu chini ya Sheria ya Maji ya 2016 unahitaji idhini ya Mamlaka kabla ya kuchimba, nayo huombwa pamoja na ripoti ya mtaalamu. Ulizia pia matakwa ya mamlaka ya mazingira, NEMA. Kijiti cha mzee hakitakubaliwa katika ofisi yoyote kati ya hizo, ingawa sina neno naye akipita tu kusalimia.

Sasa tuje kwa mchimbaji. Mwombe leseni yake ya ukandarasi kutoka wizara ya maji, uhakikishe kuwa haijaisha muda, kisha utembelee visima viwili au vitatu alivyochimba katika eneo lako mwenyewe, si katika kaunti nyingine. Waulize wenyewe kama maji yalibaki safi baada ya mwaka mmoja, maana kisima kinachotoa mchanga kilijengwa vibaya. Muulize pia mashine yake inafanya nini ikikutana na majivu ya volkeno yaliyolegea. Nyundo ya hewa, yaani kichwa cha kuchimbia kinachosukumwa na hewa ya kompresa, hupasua mwamba mgumu upesi, lakini katika majivu kuta huporomoka na kuimeza, na katika mwamba wenye mipasuko mikubwa hewa hupotelea ndani na vumbi la mwamba lisipande juu. Mchimbaji anayeijua Nakuru atakujibu bila kusita kuhusu povu, tope la kuchimbia na mabomba ya muda ya kushikilia kuta, na kompresa yake itakuwa na nguvu ya kutosha kwa kina kilichotajwa katika ripoti. Akikwambia kwamba mashine yake haijawahi kushindwa, mshukuru, kisha muagane.

Mkataba uandikwe kwa bei ya kila mita, ukitenganisha kuchimba, mabomba ya kudumu, mabomba yenye matundu yanayowekwa mahali maji yalipo, changarawe ya kuyazunguka na saruji ya kuziba sehemu ya juu ili maji ya mvua yasiteremkie kisimani. Andikeni pia ni nani atakayebeba gharama shimo likitoka kavu au likiporomoka kabla ya kumalizika. Usilipe fedha zote mwanzoni. Siku ya kazi awepo mtu wenu wa kuhesabu vyuma vya kuchimbia vinavyoshuka, kwa kuwa urefu wa kila kimoja unajulikana na hesabu hiyo ndiyo itakayokuonyesha kama umechimbiwa mita unazodaiwa.

Kisima kikimalizika, pampu ya majaribio iendeshwe kwa saa 24 huku kina cha maji kikipimwa, kisha izimwe na kasi ya maji kurejea ipimwe pia. Majaribio ya saa mbili humfaa mchimbaji anayetaka kuondoka. Usivunjike moyo ukiambiwa kisima kinatoa mita moja ya ujazo kwa saa: hiyo ni lita 1,000, au mitungi 50 ya lita 20, na kwa saa kumi za pampu unapata lita 10,000, kiasi kinachotosha nyumba na ng'ombe kadhaa.

Jambo ambalo mchimbaji wako hakulitaja, nami naliona kubwa kuliko kina, ni floraidi. Miamba ya volkeno huiachilia ndani ya maji, na visima vingi vya Nakuru huzidi kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Meno yenye madoa ya kahawia mnayoyaona kwa watoto wa eneo hilo hutokana nayo, na ikizidi sana kwa miaka mingi huharibu mifupa. Kuchemsha hakuiondoi, hupunguza tu ujazo wa maji na kuiacha floraidi ile ile. Pelekeni sampuli maabara kabla ya kununua pampu ya kudumu. Kiwango kikiwa juu, maji hayo yatafaa kufulia na kuoshea, na ya kunywa mtayavuna ya mvua au mtayachuja kwa mkaa wa mifupa, njia ambayo Jimbo Katoliki la Nakuru limeiendeleza kwa miaka mingi.

Swali: Ninaishi Nyalenda, Kisumu. Kisima chetu cha mkono kina kina cha mita nne tu na hakikauki. Je, nikiweka klorini nitakuwa salama?
*Mama wa watoto watatu*

Jibu: Dada, kutokauka kwake ndiko kunakonitia wasiwasi. Maji yaliyo karibu hivyo na uso wa ardhi, katika mtaa wenye vyoo vingi vya shimo, hukutana na yanayotoka vyooni, hasa mvua ikijaa. Umbali wa mita 30 kutoka chooni ndio unaotajwa mara nyingi, lakini katika viwanja vya mjini haupatikani. Klorini ikipimwa vizuri huua vijidudu vingi, ila haiondoi naitreti, kemikali itokanayo na uchafu wa vyooni, ambayo ni hatari kwa mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya unga. Tumieni kisima hicho kufulia, na maji ya kunywa myachote kwenye kioski cha maji ya bomba.

Swali: Wachimbaji wa jembe na sururu hapa Vihiga wamegonga mwamba kwa mita tisa, nao wanataka kuongezewa fedha wauvunje. Maji yalikuwepo Mei lakini Februari hayapo.
*Mzee wa kijiji*

Jibu: Mzee wetu, sehemu kubwa ya nchi yenu imekaa juu ya matale, yaani mwamba mgumu wa graniti, na maji ya visima vifupi hukusanyika katika tabaka lililochakaa juu ya mwamba huo. Kuvunja mwamba mzima kwa sururu hakuongezi maji isipokuwa kuna mpasuko. Wasimamisheni kwanza. Kama tabaka lililochakaa ni nene zaidi penginepo shambani, mahali hapo panafaa kuliko hapo mlipo, na kazi ifanywe Januari au Februari, maji yakiwa yameshuka kabisa, ili kitakachopatikana kiwe cha mwaka mzima. Ikiwa kijijini kuna chemchemi, ulizieni pia gharama ya kuijengea kinga kabla ya kuita mashine.