Ukimwonesha mtu Zohali, usimuulize "Umeona?"

Mwezi wa tisa mwaka 2023, jioni moja hapa Tanga, watu kama kumi walichungulia darubini yangu mmoja baada ya mwingine. Kila mmoja alisema "Nimeona, ahsante," akaondoka. Wa kumi na moja alikuwa mtoto wa kike mwenye sare ya madrasa, umri wa darasa la tatu hivi. Akaweka jicho, akatulia kidogo, kisha akainua kichwa akaniambia, "Mwalimu, mbona humu giza tupu?"

Nikainama kutazama. Kweli, giza tupu. Zohali ilikuwa imeshatoka kwenye darubini kitambo. Dunia inazunguka, na darubini yetu haina mota ya kuifuata sayari. Ukiikuza mara 120, sayari inakatiza kile kiduara unachokiona kwa dakika moja na nusu hivi, kisha imekwenda zake. Nilikuwa nimeshughulika kuongea na watu, nikasahau kuirudisha katikati. Watu wazima kumi walikuwa wametazama giza wakanishukuru.

Usiku ule sikulala vizuri. Wale watu hawakuwa waongo. Mtu aliyesimama foleni nusu saa, nyuma yake wamejipanga majirani na watoto wake mwenyewe, akiulizwa "Umeona?" atajibu ndiyo, kwa sababu ya adabu na kwa kuogopa kuonekana mshamba. Swali lenyewe ndilo linalomsukuma huko. Tangu siku ile tumeacha kuliuliza. Tunauliza, "Umeona nini?" Halafu tunasubiri. Akisema "kitu kinang'aa," bado hajaona vizuri, tunamrudisha. Akisema "kama kofia ya pama," huyo ameiona Zohali na pete yake.

Watu wengi wananiuliza siku hizi namna ya kuanzisha kikundi cha kutazama nyota, na karibu wote huanza na swali la darubini gani wanunue. Nitalifikia, lakini kwangu mimi kazi yote iko hapo kwenye foleni, kati ya jicho la mtu na kile kioo kidogo cha kuchungulia.

Mtu ambaye hajawahi kutumia darubini hajui jicho liwekwe wapi. Wengine hulibana kwenye kioo, wengine hufumba lile lisilotakiwa, wengine husimama mbali mno wakaona kope zao tu. Mwambie asogee taratibu mpaka aone kiduara chenye mwanga, aache nafasi ya upana wa kidole, asikiguse kioo. Hilo la kutokigusa lina sababu nyingine pia: msimu wa macho mekundu, kioo kimoja kinaweza kuambukiza mtaa mzima. Anayevaa miwani ya kuona mbali au karibu anaweza kuivua, utamrekebishia ukali wa picha kwa kuzungusha kifundo. Anayeshindwa kufumba jicho moja mwambie alifunike kwa kiganja. Wazee wengi wanahitaji hilo, na hawasemi mpaka uwaambie wewe.

Mikono nayo ni shida. Mtu akiinama hutafuta pa kushika, na kilicho karibu ni darubini. Akiishika, sayari imepotea. Tulihangaika na hilo miezi mingi mpaka mama mmoja anayeuza chapati pale jirani akatusogezea kiti chake cha plastiki, akakigeuza mgongo, akasema, "Washike hiki." Basi. Kiti cha plastiki kilichogeuzwa mgongo kimetusaidia kuliko kifaa chochote tulichonunua. Kwa watoto weka kigoda imara au ngazi fupi, maana darubini ikielekea juu sana kioo hupanda usawa wa kifua cha mtu mzima, na mtoto anayebebwa huwa anayumba na haoni kitu.

Kila baada ya watu wawili, tazama mwenyewe. Hata foleni iwe ndefu namna gani. Mpe mwenzako kazi ya kuzungumza na watu, wewe ushughulike na darubini tu. Mtu mmoja hawezi zote mbili, mimi ni shahidi.

Kuhusu siku ya kuchagua: wengi hudhani mwezi mpevu ndio mzuri kutazama. Sivyo. Mwezi mpevu unamulikwa na jua usoni moja kwa moja, hauna vivuli, unaonekana kama sahani nyeupe na unaumiza macho. Chagua mwezi wa tarehe sita hadi tisa kwa hesabu ya Kiislamu, kalenda ya msikitini inatosha kukuongoza. Siku hizo jua linaumulika kwa ubavu, na pale mpaka wa nuru na giza ulipo, milima na kasoko, yaani mashimo makubwa ya duara, zinajitokeza kama umezishika. Wiki hiyo hiyo, mwezi ukiwa wa tarehe tano au sita, mwoneshe mtu kasoko inayoitwa Theophilus. Ina upana wa kilomita 100 hivi. Mkumbushe kwamba kasoko ya Ngorongoro, ambayo mabasi ya watalii yanazunguka ndani yake kutwa, ina kilomita 19 tu. Hapo ndipo watu hurudi mwisho wa foleni wapange tena.

Mahali usipasumbukie sana. Ukitaka kuona Njia Nyeupe, ule mkanda mweupe wa nyota angani, itakubidi utoke mjini, lakini mwezi na sayari za Mshtarii na Zohali zinaonekana hata uwanjani penye taa. Nenda waliko watu. John Dobson, aliyekuwa mtawa kule San Francisco, alitengeneza darubini kwa mbao na maboksi magumu, akazipeleka pembeni mwa barabara akiwaita wapita njia. Kikundi chake kilianza mwaka 1968. Darubini nyingi za bei nafuu za vikundi kama chetu hadi leo zimekaa juu ya kitako cha mbao cha aina aliyoibuni. Sisi tulifanya kinyume mwanzoni: tulikwenda mbali gizani, tukawa sisi kwa sisi. Tulipohamia karibu na stendi ya bajaji watu walikuja wenyewe. Ofisi moja ilituahidi kuzima taa yake kubwa ya nje, haikuzima. Tukasogea hatua ishirini nyuma ya ukuta, na mambo yakaenda. Ila barua ya serikali ya mtaa uwe nayo mfukoni, na umalize saa tatu na nusu usiku, akina mama na mabinti wapate usafiri wa kurudi.

Sasa niseme juu ya maneno tunayowaambia watu, maana hapo nimekosea zaidi kuliko kwenye darubini.

Neno unajimu kwetu linabeba mambo mawili, elimu ya nyota na utabiri wa bahati. Kwa hiyo hakuna usiku unaopita bila mtu kusema, "Mimi ni Nge, nyota yangu inasemaje?" Zamani tulijibu kwa ukali kwamba sisi si watabiri. Kijana mmoja aligeuka akaenda zake, na rafiki zake watatu wakamfuata. Niliumia, kwa sababu yule alikuwa na hamu ya anga kuliko wengi waliobaki. Siku hizi tunamjibu, "Nge? Njoo nikuoneshe." Kuanzia Juni hadi Septemba, jioni, Nge yuko juu angani, ana moyo mwekundu na mkia uliopinda kama ndoana, na mtu anamtambua bila kuelekezwa mara mbili. Wengi hawakuwahi kujua kwamba Nge ni kitu cha kuonekana kwa macho. Akishamwona, ndipo ninamweleza kwamba jua hupita mbele ya nyota za Nge kwa wiki moja tu hivi, mwishoni mwa Novemba, ingawa gazeti linawapa mwezi mzima. Anaondoka na jambo la kufikiria, na mwezi unaofuata anarudi.

Na kabla ya kufundisha, uliza. Mwaka juzi, mwezi wa kumi na moja, mzee mmoja mvuvi wa Sahare alikuja na fimbo yake. Nikamwamkia, "Shikamoo babu," akaitikia, na mimi nikaanza mara moja hotuba yangu ya kundi la nyota. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akanyoosha fimbo mashariki: "Hiki si Kilimia?" Akasema methali yake polepole: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Kilimia hupotea jioni kwenye mwezi wa tano, kikaonekana tena alfajiri mwezi wa sita, na wakulima na mabaharia wa pwani hii wamekitumia kuhesabu majira tangu kabla ya kalenda za ukutani. Nilimpa darubini ya macho mawili. Kwa macho matupu mtu huhesabu nyota sita au saba. Kwa kile kifaa zinakuwa makumi. Alikaa nayo muda mrefu, na hakuna aliyemharakisha. "Nimekitazama tangu utoto," alisema, "sikujua kina watoto wengi hivi."

Tangu hapo, akija mzee swali langu la kwanza ni: ninyi zamani mliziitaje nyota hizi?

Kupatwa kwa mwezi kwa tarehe 7 Septemba 2025 kulinifunza kitu kingine. Ilikuwa Jumapili, na kwetu mwezi ulikuwa umefunikwa wote kuanzia saa mbili na nusu usiku hadi karibu saa nne kasoro dakika nane. Saa nzuri mno, watoto bado wako macho. Tulizungumza na imamu mapema, kwa sababu Waislamu wana sala ya kupatwa, na tungepanga hotuba wakati watu wako msikitini tungekuwa tumewakosea adabu na tungebaki na uwanja mtupu. Tukaacha darubini zikae tu, tukatandika mikeka. Mwezi ukageuka rangi ya shaba, watu wakalala chali wakitazama. Binti mmoja aliuliza kwa nini haukuwa mweusi kabisa. Nikamwambia mwanga wa jua unapinda ukipita kwenye hewa ya dunia, na unaobaki ni ule mwekundu. Ile rangi ni ya machweo na mapambazuko yote ya dunia yaliyokuwa yakitokea saa ile. Sijui kama nimewahi kusema jambo lililoeleweka vile.

Mawingu yatakuja, hasa pwani. Sisi masika hatupangi kitu. Januari na Februari, kisha Julai hadi Septemba, ndipo tumepata anga safi mara nyingi. Lakini usiwarudishe watu mikono mitupu. Chukua chungwa la Muheza, lichome kwenye kijiti, washa tochi moja, mwambie mtoto alishike kwa mkono ulionyooka na azunguke mwenyewe taratibu. Ataona chungwa likiandama, likipevuka, likififia. Hilo halihitaji anga.

Darubini basi. Usinunue ile ya dukani iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwamba inakuza mara 500, yenye miguu membamba. Inatikisika ukiipumulia. Anza na darubini ya macho mawili ya 10x50, yaani inayokuza mara kumi na yenye vioo vya mbele vya milimita 50. Ukiiegemeza mahali pasipotikisika inaonesha kasoko za mwezi na miezi minne ya Mshtarii, ile ile aliyoiona Galileo mwaka 1610. Mkiwa na fedha ya kuchangishana, tafuteni ya kioo cha sentimita 15 au 20 yenye kitako cha Dobson. Zaidi ya hapo, mtajua wenyewe.

Jua ni habari nyingine, na hapo sina mzaha na mtu. Hakuna kulitazama kwa darubini isiyo na kichujio maalumu cha mbele, hata sekunde moja. Jicho linaungua na halipati maumivu ya kukuonya. Tarehe 1 Septemba 2016, wenzetu wa Rujewa mkoani Mbeya walipoona jua limebaki pete, huku Tanga lilipatwa sehemu tu, na nilimwona mtu akilitazama kwa kipande cha filamu ya eksrei. Filamu hiyo haikingi, wala miwani ya kawaida ya jua. Tarehe 2 Agosti 2027, Jumatatu mchana, litapatwa tena. Litafunikwa kabisa Misri, Saudi Arabia, Yemeni na ncha ya Somalia. Sisi tutaliona limemegwa. Vikundi vianze sasa kutafuta miwani ya kutazamia jua yenye alama ya usalama ya ISO 12312-2, maana wiki ya mwisho haipatikani. Wasioipata wasimame chini ya mwembe waligeuzie jua mgongo, wakitazama ardhini. Kila upenyo kati ya majani utachora jua dogo lililomegwa, mamia kwa mamia kwenye mchanga.

Daftari tunamoandika majibu ya "Umeona nini?" bado tunalo. Mwaka 2025 pete ya Zohali ilitugeuzia ukingo, ikawa nyembamba kama uzi, na nilihofia watu watavunjika moyo. Nimefungua ukurasa wa Oktoba mwaka ule. Mtu mmoja kasema mpira umepigwa mstari. Mwingine kasema embe limepitishwa sindano. Na yule mtoto wa madrasa, ambaye wakati ule alikuwa darasa la tano na ndiye aliyesimamia kile kiti cha plastiki, aliandika kwa mkono wake: "Mshikaki wenye nyama moja. Nimeona mara nne. Mara ya tatu ilikuwa imetoka, nikamwambia Mwalimu airudishe."