Kayaki jioni Venezia: maswali yenu na majibu yangu

Tangu msimu uanze, barua kuhusu kupiga kayaki Venezia zimerundikana, na nyingi zinarudia maswali yale yale. Nimechagua hizi. Nachukulia mnajua kwamba mji ule hauna magari, kwamba mifereji ndiyo barabara zake, na kwamba maji yake ni ya bahari, yanajaa na kupwa mara mbili kwa siku. Asiyejua hayo aanze na ramani, kisha arudi hapa.

Safari ya jioni inapita Canal Grande, chini ya daraja la Rialto? Nataka picha pale.

Haipiti. Hakuna swali ninaloulizwa mara nyingi kuliko hili, na jibu ni lile lile tangu 2018, manispaa ilipopiga marufuku kayaki, mitumbwi na mbao za kupigia kasia ukiwa umesimama kwenye Canal Grande, ule mfereji mkuu wa mji, na mifereji mingine yenye msongamano. Mifereji iliyobaki nayo ina siku zake na saa zake. Anayekuahidi Rialto ukiwa ndani ya kayaki, ama hajui sheria, ama anaijua na anakuingiza matatani. Usimpe hata senti.

Marufuku hiyo naiunga mkono. Canal Grande una urefu wa kilomita 3.8 hivi, na humo hupita vaporetto, yaani mabasi ya majini, teksi, boti za mizigo, za takataka na za wagonjwa. Aliyekaa ndani ya kayaki macho yake hayafiki mita moja juu ya maji, na nahodha wa vaporetto anayegeuza chombo kuingia gatini si rahisi amwone. Picha ya Rialto ipige ukiwa ndani ya vaporetto ya laini namba 1.

Sijui kuogelea. Nitavaa jaketi okozi. Inatosha?

Kwangu mimi haitoshi. Jaketi litakuelesha, lakini halitakutoa hofu, na mtu aliyeingiwa na hofu humshika mwokozi wake akamzamisha. Mfereji mdogo si wa kina kirefu, ila chini ni tope zito, kwa hiyo usijidanganye kwamba utasimama. Kabla ya kulipa, nenda kwenye bwawa ukiwa na jaketi, jirushe, uone moyo wako unafanya nini. Ukiona umetulia, mweleze mwongozaji ukweli na yeye ndiye aamue. Wanaoficha jambo hili wakati wa kujaza fomu wananikera sana, kwa sababu wanaliacha lijulikane mahali pabaya, katikati ya maji, mbele ya watu wengine sita ambao nao wanamtegemea mwongozaji huyo huyo.

Mimi na mke wangu tuchukue kayaki moja au mbili?

Moja ya watu wawili, kama nyote ni wageni wa kasia. Aliye mzito akae nyuma. Wa mbele aweke mapigo, wa nyuma amfuate na kushika mwelekeo. Makasia yakigongana, wa nyuma ndiye mwenye kosa, maana yeye ndiye anayemwona mwenzake.

Kwa nini jioni? Na tutakuwa gizani?

Jioni kwa sababu asubuhi mifereji ni ya kazi. Boti za mizigo ndizo zinazoleta unga, bia, mashuka ya hoteli, matofali na jokofu la mtu aliyehamia nyumba mpya, na mabaharia wake wana haraka. Alasiri kazi hiyo inapungua. Wageni wa kutwa nao huanza kurudi kwenye kituo cha treni, na jua likishuka linapiga kuta kwa upande, rangi zake zikabadilika kila dakika. Ni wakati mzuri kuliko wote kuuona mji ule.

Lakini safari ya jioni si safari ya usiku. Mwongozaji makini hupanga kurudi mwanga ungalipo. Juni jua linazama karibu saa 3 usiku, Desemba linazama karibu saa 10:30 jioni, kwa hiyo tangazo lenye saa moja ya kuondoka kwa mwaka mzima lishuku. Uliza pia kuhusu taa. Kanuni za kimataifa za kuzuia ajali za majini zinataka chombo cha makasia kiwe na tochi au taa nyeupe tayari, ya kumulika mapema kabla hakijagongwa. Tochi iliyozikwa ndani ya begi chini ya miguu yako haihesabiki.

Jambo moja la pesa ambalo hamkuuliza: ile ada ya kuingia mjini iliyoanza 25 Aprili 2024 kwa wageni wasiolala humo hutozwa katika siku zilizotangazwa tu, na kwa 2024 na 2025 ilikuwa kati ya saa 2:30 asubuhi na saa 10 jioni. Anayefika baada ya hapo hadaiwi. Siku na saa hutangazwa kila mwaka, basi angalieni za mwaka mnaokwenda.

Nasikia madaraja mengine ni mafupi mno. Tutapitaje?

Hili ni swali zuri, na nashangaa wanaoliuliza ni wachache.

Venezia ina madaraja zaidi ya 400, na baadhi ya yale ya mifereji midogo yako chini kiasi kwamba maji yakijaa unalazimika kulala kifudifudi juu ya sitaha, au unageuza njia kabisa. Maji yakipwa, mfereji ule ule unaacha tope wazi pembeni na kayaki inakwaruza. Wakati wa bamvua tofauti ya maji kujaa na kupwa inaweza kukaribia mita moja, wakati wa maji mafu ni kidogo. Kwa hiyo njia ya jana si lazima iwe njia ya leo. Mwongozaji anayejua kazi yake huanza siku kwa jedwali la maji, kisha upepo. Siroko ikivuma kutoka kusini-mashariki inasukuma bahari ya Adriatiki kuelekea lagooni, yale maji ya ndani yanayouzunguka mji, na maji yanapanda kuliko jedwali lilivyosema.

Ukiwa majini, tazama ukuta. Chini kabisa kuna mstari wa kijani kibichi wa mwani, hapo ndipo maji hufika kila siku. Juu yake kuna jiwe jeupe la Istria lisilopitisha maji, ambalo wajenzi wa zamani waliliweka kuwa kinga, na juu ya jiwe ndipo matofali yanapoanza. Sasa bahari imepanda, chumvi inaruka ile kinga na kuingia kwenye matofali, nayo yanamung'unyika. Pitisha macho pole pole utaona tofali limebaki shimo na chokaa yake imelika. Ukiwa umekaa usawa wa maji unaliona hilo waziwazi kuliko aliye juu ya daraja, na kwangu hii ndiyo sababu kuu ya kwenda kwa kayaki.

Usiushike ukuta huo kwa mkono mtupu. Chini ya mstari wa kijani kuna chaza wa kukata vidole. Ngazi zenye mwani nazo zinateleza vibaya, ndiyo maana watu wengi hulowa wakati wa kushuka, safari ikiwa imekwisha.

Kuhusu ile milango ya chuma ya kuzuia mafuriko, MOSE, kwenye mapito matatu ya bahari, Lido, Malamocco na Chioggia: ilifanya kazi kwa mara ya kwanza dhidi ya mafuriko 3 Oktoba 2020, na huinuliwa kwa maji makubwa tu. Haitakupunguzia maji ili upite chini ya daraja lako.

Maji ni machafu?

Ndiyo. Mji wa kale hauna mtandao kamili wa mabomba ya majitaka, sehemu kubwa hutegemea mashimo ya kuchujia, na kinachotoka huingia mfereji ili bahari ikichukue maji yanapopwa. Funika kidonda, usinywe, nawa mikono kabla ya kula. Kuogelea mferejini ni kosa lenye faini.

Naweza kupiga picha kwa simu?

Ukiwa umesimama na mwongozaji amekuruhusu. Ifunge kamba. Kasia likiwa limelala mapajani na jicho lako liko kwenye kioo, chombo chako hakina dereva.

Nina kayaki yangu ya kujaza upepo. Kwa nini nimlipe mtu wakati ramani iko kwenye simu?

Wewe na wenzako mnaoniandikia hivi kila mwezi, someni pole pole. Ramani ya simu haikuambii mfereji gani umefungwa kwa kayaki saa hizo. Agosti 2022 wanaume wawili walikatiza Canal Grande juu ya mbao za injini. Walitozwa faini ya euro 1,500 kila mmoja, na mbao zao zikachukuliwa. Chao kilikuwa na injini na chako hakina, ila polisi wa manispaa watakusimamisha vilevile.

Faini lakini ni jambo dogo. Kubwa ni pembe. Mifereji hukutana kwa pembe za mraba baina ya kuta ndefu, na huwezi kuona kinachokuja. Mwongozaji mzuri akikaribia pembe huacha kupiga kasia, anaiacha kayaki itambae yenyewe, anapaza sauti «Oè!» kama wapiga gondola wanavyofanya, kisha anasikiliza. Mlio wa injini hugonga kuta ukaja kabla ya boti. Akisikia jibu anawabana nyote ukutani, makasia mmeyalaza sambamba na ubavu wa kayaki, hadi chombo kipite. Gondola ina urefu wa karibu mita 11, na ikipinda tezi lake hufagia upana wote wa mfereji. Hayo huwezi kuyapata kwenye simu, na ndiyo unayoyalipia.

Basi chagueni kwa akili. Ulizeni kundi ni la watu wangapi kwa kila mwongozaji. Mimi wakizidi wanane siendi. Ulizeni kibali na bima. Ulizeni mnaanzia wapi. Kisiwa cha Certosa kinafaa, vaporetto inafika, na unapata nafasi ya kujifunza kupiga kasia kabla ya kuvuka kuingia mtaa wa Castello. Uvukaji huo una boti za kasi na mawimbi, kwa hiyo mnavuka pamoja, mmeshikana karibu. Ng'ambo ya pili ni San Pietro, kanisa lililokuwa kuu la mji hadi 1807, na mnara wake mweupe ulioinama, kisha kuta za Arsenale, karakana ya kale ya meli. Upande huo una wenyeji wengi na maduka machache ya vinyago, na mimi ningeupendelea kuliko njia yoyote inayokaribia San Marco.

Kayaki au gondola, ipi nafuu?

Gondola ina bei ya manispaa, na tangu Novemba 2023 ni euro 90 kwa nusu saa mchana na euro 110 kuanzia saa 1 jioni. Bei hiyo ni ya chombo kizima, si ya kichwa, kwa hiyo watu watano wakigawana haiumizi. Kayaki hulipiwa kwa kila mtu, lakini unakaa majini muda mrefu zaidi na unafanya kazi mwenyewe. Mwenye bega bovu au mama mzee apande gondola bila kuona haya.

Choo?

Kabla ya kuondoka.

Nimesoma kwamba wenyeji wamechoshwa na watalii. Tutatukanwa?

Wamechoka, na wana haki. Mwaka 1951 mji wa kale ulikuwa na watu wapatao 175,000, na mwaka 2022 walishuka chini ya 50,000. Nyumba zinageuzwa za wageni, mkate unatafutwa mbali, shule zinakosa watoto. Mgeni anayefika akidhani yuko kwenye jumba la maonyesho anawaongezea uchungu.

Kinachoangusha kuta zao, hata hivyo, ni wimbi la injini zaidi ya kasia. Kila boti inayokwenda kasi inasukuma maji kwenye msingi na kuyavuta tena, na yanatoka na chokaa. Wapiga makasia wa Venezia walilipigia kelele mapema. Mwaka 1975 walianzisha Vogalonga, mwendo wa kilomita 30 hivi kupitia visiwa vya Burano na Murano, bila injini hata moja, kupinga wimbi hilo. Hadi leo hufanyika kila mwaka karibu na Pentekoste, kayaki za wageni zinakaribishwa, na siku hiyo injini huwekwa kando hata Canal Grande ukabaki wa makasia. Mwenye hamu na mfereji ule ajiandikishe huko na afanye mazoezi.

Siku nyingine zote, kayaki ikiwa na mtu mwenye adabu haimsumbui mwenyeji. Msijipange sambamba mkaziba mfereji. Aliye kazini apite kwanza, hata kama mlifika mbele. Msishike kamba za boti za watu wala kupumzika kwenye ngazi zao. Mlango ule ulio usawa wa maji ni mlango wa nyumba. Na punguzeni sauti. Baina ya kuta zile neno moja linapanda hadi ghorofa ya tatu, na saa hiyo watu wako mezani madirisha yakiwa wazi. Mkikutana na macho ya mtu dirishani, msalimieni: «Buonasera.» Wengi huitikia.

Mwongozaji alituahirishia safari saa moja kabla kwa sababu ya upepo, na jua lilikuwa linawaka. Tudai pesa zetu?

Dai kurudishiwa au kupangiwa siku nyingine, kwa masharti uliyokubali ulipolipa, na kama hukuyasoma yasome sasa. Lakini usimlaumu. Upepo uitwao «bora» huvuma kutoka kaskazini-mashariki hata mbingu zikiwa safi, na ndani ya mifereji unaweza usiuhisi kabisa. Utauhisi ukitoka kwenye lagooni, kurudi Certosa, jua linazama, mikono imechoka na mawimbi yanapiga ubavuni. Mtu aliyekataa pesa yako siku kama hiyo mwandikie tena mwaka ujao.