Lori Linachemsha Mlimani: Fundi Anajibu Maswali ya Wasomaji

SWALI: Habari za kazi, fundi. Mimi ni mstaafu, ninaishi Miyuji hapa Dodoma, na nyuma ya nyumba nimejenga banda la mabati ambalo nimeligeuza kuwa gereji yangu ndogo. Mwaka jana nilinunua lori kuukuu lenye injini ya Perkins 6.354. Likiwa tupu halinisumbui, lakini nikipakia mpunga Bahi kwenda Manyoni, linachemsha kabla sijamaliza kupanda ule mlima baada ya Kintinku, nami hulazimika kusimama na kuongeza maji. Fundi wa kwanza aliondoa thamostati, ile vali inayodhibiti joto la maji ya injini, hali ikabaki ileile. Wa pili anasema gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya bloku na kichwa cha injini, imeungua. Wa tatu anataka tushushe injini yote, tubadilishe pistoni na slivu, yaani mikebe ya chuma ambamo pistoni hucheza. Spana ninazo, jeki ninayo na muda ninao, ila fedha ni kidogo. Nianze wapi?

JIBU: Nzuri, mzee mwenzangu. Mafundi watatu wamekupa majibu matatu, na kwa jinsi ulivyoeleza hakuna hata mmoja aliyepima kitu. Anza kwa kuiacha injini kama ilivyo, kwa sababu ukishaifungua utakuwa umeharibu ushahidi, na gasketi uliyoing'oa haitakwambia kama ilikuwa nzima jana.

Kwanza nikutoe wasiwasi kuhusu injini yenyewe. Namba 6.354 maana yake ni silinda sita zenye ujazo wa inchi 354 za ujazo, yaani takribani lita 5.8, na ni injini ngumu iliyofungwa kwenye malori, mashine za kuvunia na hata boti. Injini iliyochoka slivu na pistoni hutoa moshi, hula oili, husumbua kuwaka asubuhi na hukosa nguvu hata lori likiwa tupu. Wewe hukutaja hata moja kati ya hayo. Lori linalokwenda vizuri likiwa tupu na kuchemsha likiwa na mzigo mlimani mara nyingi linasema jambo moja tu: joto linalozalishwa limezidi uwezo wa rejeta wa kulitoa.

Sasa fikiria maji unayotumia. Maji mengi ya visima vya kwetu ni mazito kwa chokaa na chumvi, na kila mama wa Dodoma anaujua ule ukoko mweupe unaoganda ndani ya birika. Ukoko huohuo unaganda ndani ya rejeta yako, tena kwa kasi zaidi, kwa sababu kila unapoongeza maji njiani unaongeza na chokaa mpya. Asubuhi injini ikiwa baridi kabisa, fungua mfuniko wa rejeta, punguza maji kidogo mpaka uone vinywa vya vile vibomba vyembamba vinavyoshuka chini, kisha mulika kwa tochi. Vinywa vilivyo wazi huonekana kama mistari myeusi myembamba iliyopangana. Vilivyoziba hutauona huo weusi, utaona ukoko wa rangi ya majivu na pengine kutu yenye rangi ya matofali. Ukikuta robo ya vibomba imeziba, umeshampata mshukiwa wako wa kwanza bila kufungua nati hata moja.

Hatua ya pili ni kuwasha injini mpaka ipate joto la kazi, kuizima, kuhakikisha feni imesimama na hakuna mtu wa kugusa swichi, kisha kupitisha kiganja karibu na uso wa rejeta. Joto linatakiwa lipungue polepole kutoka upande maji yanakoingilia kwenda upande yanakotokea. Ukikuta sehemu ya katikati imepoa huku pembeni pakiwa pa moto, maji hayapiti pale. Angalia pia kwa nje, maana makapi, wadudu na tope hujaza nafasi kati ya mapezi ya rejeta. Hayo husafishwa kwa hewa au maji yanayotoka upande wa injini kwenda mbele. Ukipuliza kutoka mbele utayasukuma yazidi kuingia ndani.

Kuna kitu kingine ambacho mafundi wa hapa tunakisahau, nacho ni mfuniko wa rejeta. Pwani maji huchemka kwa nyuzi 100, lakini Dodoma iko takribani mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na huku maji yaliyo wazi huchemka kwa nyuzi 96 hivi. Mfuniko wenye springi nzima na mpira mzima hushikilia msukumo ndani ya rejeta, na ule ulioandikwa 7, yaani pauni 7 kwa kila inchi ya mraba, hupandisha kiwango hicho kwa zaidi ya nyuzi 10. Mwenye mfuniko uliochoka, au aliyefunga kitambaa na mfuko wa nailoni, anapanda mlima akiwa amejinyima nyuzi hizo zote. Nunua mfuniko wa kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari lako, usizidishe, kwa sababu rejeta ya zamani iliyoungwa kwa risasi itapasukia kwenye maungio.

Angalia na mpira wa chini, ule unaotoka kwenye rejeta kwenda kwenye pampu ya maji. Nitakueleza kwa nini ninausisitiza. Nilipokuwa kijana nilishusha injini ya lori lililokuwa likichemsha kama lako, nikalaza krenki kwenye gunia, nikapanga pistoni sita juu ya meza zikiwa safi kabisa, nikarudisha kila kitu kwa siku nne, na safari ya kwanza likachemsha tena. Mpira wa chini ulikuwa umeachana tabaka la ndani, kwa hiyo kila dereva alipokanyaga mafuta pampu ilikuwa ikiufyonza mpaka unakunjamana na kuziba njia. Injini ikiwa kimya ulionekana mzima. Mwambie kijana akanyage mafuta nawe utazame, dakika moja inatosha, halafu bonyeza mkanda wa feni kwa kidole gumba katikati ya sehemu yake ndefu: ushuke takribani milimita 10 hadi 13, si zaidi.

Baada ya hapo ndipo umpe nafasi fundi wako wa pili. Injini ikiwa baridi, legeza mkanda unaozungusha pampu ya maji ili isiyatibue maji, jaza rejeta mpaka juu, acha mfuniko wazi, washa injini kwa dakika moja tu na utazame. Mapovu machache ya mwanzo ni hewa iliyokuwa imenaswa. Mapovu yanayoendelea kutoka mfululizo wakati maji bado ni baridi ni gesi ya silinda inayopita kwenye gasketi au kwenye ufa wa hedi, na hapo kufungua hedi kuna sababu. Chomoa na kijiti cha oili: oili iliyoingiwa na maji hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Ikibidi kufungua, usirudishe hedi kabla ya kuilazia rula ya chuma iliyonyooka na kujaribu kupitisha fila, yaani bapa jembamba la kupimia nafasi, chini ya rula hiyo, kwa sababu gasketi mpya kwenye hedi iliyopinda ni fedha iliyotupwa. Nati za hedi hukazwa kwa torki renchi, yaani spana inayopima nguvu ya kukaza, kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa awamu, kwa vipimo vya kitabu cha injini hiyo. Kabla ya kumkubalia fundi wa tatu, mwambie apime silinda mbele yako. Upana wake ikiwa mpya ni inchi 3 na 7/8, yaani milimita 98.4, na mtu asiyeweza kukwambia yako sasa ina ngapi hana haki ya kukuuzia slivu.

Ukikuta rejeta imeziba, mpelekee fundi wa rejeta, aifungue tenki la juu na la chini, apitishe ubapa wa chuma kwenye kila kibomba na kuunga upya. Wakati rejeta iko nje, fungua koki ya kumwagia maji iliyo ubavuni mwa bloku. Usishangae isipotoa kitu, maana mara nyingi imezibwa na tope la kutu, nawe utalazimika kulichokonoa kwa waya mpaka maji yatoke kwa nguvu. Rudisha thamostati mpya. Katika injini nyingi, kuiondoa huacha wazi ile njia fupi inayorudisha maji kwenye pampu bila kupita kwenye rejeta, na lori likiwa tupu injini hukaa baridi mno, jambo linaloharakisha kulika kwa ringi za pistoni. Jaza maji ya mvua uliyovuna kwenye bati kati ya Desemba na Aprili, ukiyachanganya na kulanti inayozuia kutu. Na huko njiani, usimwagie maji baridi injini iliyochemka. Subiri ipoe mpaka mpira wa juu ubonyezeke kwa mkono, fungua mfuniko kwa kitambaa kizito, washa, ndipo uongeze maji kidogo kidogo. Hedi nyingi zimepasuka kwa haraka ya ndoo moja.

SWALI: Shikamoo mzee. Niko Kongwa, ninaendesha lori la kokoto. Tulifanya ovahoo ya injini, tukaweka ringi na slivu mpya, lakini haijafika mwaka na tayari inakula oili na kutoa moshi wa bluu. Je, niliuziwa ringi bandia?

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Inawezekana, lakini kabla ya kumlaumu muuza vipuri, fungua mpira unaotoka kwenye eyakilina, yaani kichujio cha hewa, kwenda kwenye injini, pitisha kidole safi ndani yake, kisha kitazame juani. Ukiona unga mwekundu laini, injini yako imekuwa ikivuta vumbi tangu siku ya kwanza, na vumbi likichanganyika na oili huwa msasa unaosaga ringi na slivu kila pistoni inapopanda na kushuka.

Vumbi la huko kwenu lina sifa yake. Waingereza walipoanzisha mradi wa karanga Kongwa mwaka 1947 walileta mashine nyingi, yakiwemo matrekta yaliyotokana na vifaru vya Sherman vya vita, na udongo wenye chembe ngumu za kwatzi ukavila vifaa vyao kwa kasi ambayo hawakuitarajia. Mwaka 1951 mradi ukaachwa, kwa sababu nyingi, na udongo huo ulikuwa mojawapo. Wewe unapita kwenye udongo uleule kila siku.

Kama eyakilina yako ni ile ya bakuli la oili, ifungue kila jioni wakati wa kiangazi, umwage oili iliyogeuka tope, uoshe bakuli kwa mafuta ya taa, ujaze mpaka kwenye alama na usipitilize, kwa sababu oili iliyozidi hunyonywa na injini. Kagua klipu na nyufa za mipira yote iliyo baada ya eyakilina. Ili kujua ringi zimefikia wapi, fungua mfuniko wa kujazia oili injini ikinguruma polepole: moshi ukipuliza kwa mapigo kama mtu anayepumua baada ya mbio, zimekwisha. Ziba njia ya vumbi kwanza, vinginevyo seti ijayo itakufa vilevile.

SWALI: Fundi, pole na kazi. Marehemu mume wangu alikuwa dereva na aliniachia sanduku zito la spana zenye namba za ajabu kama 7/16 na 9/16. Mwanangu, ambaye anajifunza ufundi hapa Ipagala, anasema hazifai magari ya siku hizi na anataka kuziuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Nimruhusu?

JIBU: Asante, na pole kwa msiba, mama. Usimruhusu. Hizo ni spana za inchi, na malori ya zamani ya Kiingereza, pamoja na ile Perkins ya mzee wa Miyuji, yanazihitaji. Kijana atakwambia 13 inaingia kwenye nati ya nusu inchi, na kweli inaingia, lakini nusu inchi ni milimita 12.7, kwa hiyo spana inacheza na kula pembe za nati mpaka inabaki duara. Kwenye 7/16, ambayo ni milimita 11.1, spana ya 11 mara nyingi inakataa na ya 12 inateleza. Ya 3/4 inasameheka, kwa kuwa ni milimita 19.05 na 19 huikamata vizuri.

Mwambie azisugue kwa brashi ya waya na dizeli, azipake oili, azipange kwa ukubwa na atupe tu zile zilizopanuka mdomo. Kama ndani ya sanduku kuna fila au torki renchi, hizo aziweke kwenye kitambaa chake zisigongane na nyundo. Na kama kuna jeki ya zamani, aitumie kuinulia gari tu. Kabla hajaingia chini aweke stendi za chuma au magogo mazito ya mti mgumu pande zote mbili, kwa maana sili ya jeki kuukuu huachia bila kupiga hodi.