Umeongeza RAM, kioo kimekuwa cheusi? Soma kwanza kilichonikuta mimi

Jumanne iliyopita usiku, duka nimeshafunga, nakula zangu ugali na dagaa, simu ikalia. Ujumbe wa kijana mmoja wa Kahama ambaye husoma ninayoandika. Ameniruhusu niuweke kama ulivyo:

"Kaka shikamoo. Nina desktop Dell OptiPlex 7010, nimeongeza RAM ya gigi nane, sasa feni inazunguka ila kioo hakileti kitu. Fundi wa hapa kasema bodi imekufa, anataka laki moja na themanini abadilishe. Nifanyeje kaka, hela yenyewe ndiyo ilishaishia kwenye hiyo RAM."

Bodi imekufa. Niliposoma hapo tonge likagoma kushuka, maana bodi ndiyo sahani kuu inayobeba vipande vyote vya mashine, na RAM, memori yake ya kufanyia kazi, ni kipande kimoja tu kinachochomekwa juu yake. Maneno hayo nayajua vizuri, maana mwaka 2019 niliyatamka mimi, tena kwa sauti ya mtu mwenye uhakika, na hayakuwa kweli.

Nilikuwa na miezi minane tangu nifungue duka langu hapa Morogoro. Chumba kimoja, meza mbili, bango nimelichora kwa mkono wangu. Wateja wangu wengi walikuwa wanafunzi wa SUA, chuo kikuu cha kilimo cha hapa, na walimu waliokuja masomoni, na laptop zao karibu zote za mtumba. HP EliteBook 840 G1 zilikuwa zimejaa mji mzima. Ni mashine ngumu, bei inashikika, na mfuniko wa chini unatelezeshwa tu bila bisibisi. Unamwongezea mtu RAM, unamwekea SSD, ile diski ya kasi isiyozunguka, anakuona mganga. Wewe unayesoma hapa na unatamani siku moja uwe na bango lako mwenyewe, najua unaielewa raha hiyo.

Akaja mwalimu mmoja, mama wa makamo, yuko kwenye tasnifu ya shahada ya uzamili. Mashine yake ilikuwa na gigi nne. Akifungua Word na intaneti kwa pamoja, anasema anaweza kwenda kubandika chai na kurudi. Nikamwambia elfu sabini nakuwekea nane, hii ya zamani nabaki nayo. Akakubali, akaniachia laptop. RAM nikaagiza Kariakoo, ikaja na basi, nikaipokea stendi ya Msamvu asubuhi na mapema.

Ya zamani nikaichomoa. Saa hiyohiyo nikaichomeka kwenye laptop ya mteja mwingine aliyekuwa amekaa anasubiri. Akalipa, akaondoka kuwahi gari la Ifakara. Naomba pakumbuke hapo.

Mpya nikaiingiza, vishikizo vikabana, nikawasha. Feni ikazunguka. Taa ya Caps Lock ikaanza kukonyeza: mara tatu, kimya, mara tatu, kimya. Kioo cheusi kama tako la sufuria ya kuni.

Leo nasema "mara tatu" kwa sababu sasa najua. Siku ile sikuhesabu, niliona taa inapepesa tu nikaona ni ukorofi wake. Kwenye HP za enzi zile, kukonyeza mara tatu maana yake shida iko kwenye memori. Mashine ilikuwa inaniambia kwa kinywa chake, mimi nahangaika na bisibisi.

Nilijaribu kila kitu isipokuwa kile kilichotakiwa. Nikahamishia RAM sloti ya pili. Nikasugua meno yake kwa raba ya mwanafunzi. Nikatoa betri, nikatoa diski, nikaenda mpaka kwenye waya wa kioo, jambo ambalo hakuna aliyenituma. Saa mbili usiku nimekaa nimezungukwa na skrubu kwenye kifuniko cha Blue Band. Kile ambacho sikuweza kufanya ni kuirudisha RAM ya zamani, kwa sababu ya zamani ilikuwa inalala Ifakara.

Kesho yake mwalimu akaja. Nikamwambia, "Pole mwalimu. Bodi imekufa. Hizi za mtumba ndivyo zilivyo."

Hakugomba. Aliniuliza kitu kimoja tu. "Lakini nilikuletea inawaka, fundi, au nimesahau?"

"Ulileta inawaka, mwalimu. Ila vitu vya umeme havina rafiki."

Nilijiona nimejibu kwa busara! Kila nikikumbuka hilo jibu natamani kujificha chini ya meza.

Siku nne baadaye akarudi na laptop yake, inawaka, tasnifu iko wazi kwenye kioo. Akatoa kwenye pochi RAM niliyomwekea, akaiweka mezani. Kando yake akaweka karatasi aliyonakili maandishi ya ile aliyowekewa na fundi mwingine. Akaweka kidole kwenye lebo ya RAM yangu: PC3-12800S. Kisha kidole kikahamia kwenye karatasi: PC3L-12800S.

"Herufi moja, fundi," akasema.

Hiyo L ndiyo kila kitu. DDR3 ya kawaida inatumia volti 1.5. Yenye L inaweza kutumia 1.35, na laptop nyingi zenye prosesa za Intel za kizazi cha nne, kama ile 840 G1, zinataka hiyo ya 1.35 tu. Umbo ni lilelile, meno 204 yaleyale, pengo pahali palepale, inaingia na kubana bila ubishi. Haiwaki tu. Kinyume chake hakina shida: RAM yenye L ukiipeleka kwenye mashine ya zamani inayotoa volti 1.5, kwa kawaida inafanya kazi. Mwenye duka Kariakoo alinitumia nilichoagiza. Mimi ndiye niliyeagiza "DDR3 ya laptop gigi nane" nikaona nimemaliza.

Nilimrudishia elfu arobaini palepale na thelathini mwisho wa mwezi. Hakurudi tena, na kwa muda mrefu walimu wenzake hawakuja. Fundi aliyemsaidia alikuwa kijana wa mtaa wa pili, aliyefungua baada yangu. Nakiri nilikuwa navuka barabara nikimwona. Sasa tunasalimiana, ila sijawahi kumwambia asante, na sidhani kama leo ndiyo siku yake.

Ile RAM ninayo bado. Iko kwenye laptop ya zamani ninayochapia barua za wateja, inapiga kazi kila siku. Haikuwa mbovu. Bodi haikuwa mbovu. Mbovu alikuwa nani, jaza mwenyewe.

Sasa tuje kwako. Mashine ilikuwa inaonyesha, umegusa RAM, haionyeshi. Usianze kutafuta mchawi mbali. Zima, chomoa waya wa umeme, laptop toa na betri kama inatoka, bonyeza kitufe cha kuwashia ukishikilie kama nusu dakika umeme uliobaki uishe. Kisha rudisha RAM ya zamani, peke yake, kwenye sloti yake ya zamani. Ikiwaka, umeshajua bodi ni nzima na umeokoa laki na themanini. Ndiyo maana nasema RAM ya zamani haiondoki mezani, haiuzwi, haikopeshwi, hata mteja mwingine alie machozi, mpaka mpya iwe imewaka na kukaa.

Isipowaka hata na ya zamani, kuna uwezekano haijakaa. Kwenye desktop watu wanaiogopa RAM, wanaigusa kama yai. Ibonyeze pande zote mbili mpaka vishikizo vilie. Lakini kama pengo la katikati halilingani na la sloti, hapo acha kabisa, hiyo ni aina nyingine. DDR3 ya desktop ina meno 240, DDR4 ina 288, hazijawahi kuoana na hazitaoana. Nimeshaletewa mashine ambayo mtu alitumia nguvu za kutwangia kisamvu. Angalia pia waya wa monita, maana ukilaza kasha kuna waya unalegea. Na kama bado kimya, toa kile kibetri cha saa, CR2032, dakika chache, urudishe, bayosi, ile programu ndogo inayoiamsha mashine, ianze upya. Wenye mashine mpya za DDR5 wawe na subira, kuwasha kwa mara ya kwanza kunaweza kuchukua dakika kadhaa kioo kikiwa cheusi, mashine inajipima na RAM yake. Usizime katikati.

Na sikiliza. Milio na taa zina hesabu yake, kila kampuni na lugha yake. Hesabu, andika, tafuta maana kwa modeli yako. Vijana tuna haraka, tunapenda kufungua kuliko kusoma. Tunamwambia mteja "bodi" kwa sababu neno hilo linafunga mjadala, halina wa kulipinga. Ukimwambia mtu bodi imekufa bila kurudisha RAM yake ya zamani, unamdanganya, hata kama hujui kwamba unamdanganya. Nasema hivi kwa sababu nilishakaa kwenye hicho kiti.

Turudi Kahama. Nilimwambia atoe RAM mpya, aache ile gigi nne iliyokuwamo. Dakika sita baadaye akanitumia picha, Windows imefunguka. Nikamwambia sasa piga picha lebo ya mpya, karibu, isiwe na ukungu. Ikaja: 8GB 2Rx4 PC3L-12800R.

L ipo, safi. Ila tazama mwishoni, baada ya 12800. Hiyo R. Ni RAM ya seva. Ya desktop ya kawaida inaishia na U, ya laptop inaishia na S. (R iliyo ndani ya "2Rx4" ni habari nyingine kabisa, isikuchanganye.) Za seva hutolewa kwenye mitambo mikubwa iliyostaafu, zinauzwa bei ya kutupa, na zinaingia kwenye sloti ya desktop bila shida, lakini bodi kama ya 7010 haizitaki. Aliyemuuzia alimwambia "hii ni orijino kabisa". Kweli, ni orijino.

Duka lilikataa kurudisha hela, lakini baada ya siku mbili za maneno likakubali kumbadilishia kwa nyongeza ya elfu kumi. Jumapili akaniletea picha nyingine: gigi kumi na mbili zinasomeka, na chini yake ujumbe.

"Kaka asante sana, imewaka. Ila mbona bado nzito?"

Nikamuuliza ndani kuna diski gani. Ikaja picha ya diski ya kuzunguka, ina vumbi la miaka. Nikamwambia aipulize kwanza, hiyo tutaiongelea wiki ijayo.