Muulize Babu wa Chumba cha Mashine

SWALI: Shikamoo babu. Najifunza kuchora katuni kwa kompyuta. Nimetengeneza filamu ya dakika 2 isiyo na mtu wala mnyama, ni miviringo na mistari inayocheza tu. Kaka yangu anataka niiwekee singeli. Mwalimu amenionyesha filamu za zamani za namna hii, zina sauti za kukwaruza na kuvuma, anasema ule ni muziki umetungwa. Mimi nasikia redio mbovu. Nani mkweli, na yangu niiwekee nini? — Msomaji, Magomeni, Bagamoyo

JIBU: Marahaba mjukuu wangu. Mwalimu wako mkweli, ila na wewe hukukosea sana.

Ujanani nilikuwa msaidizi wa opereta kwenye sinema moja hapa Tanga. Kazi yangu ilikuwa kurudisha mikanda na kuunga iliyokatika. Siku moja mkanda ulinidondoka ukaburuzika sakafuni penye mchanga. Nikaupangusa kwa shati, nikanyamaza. Usiku, katikati ya wimbo wa Kihindi, ukumbi mzima ukasikia tra-tra-tra-tra, miluzi ikaanza. Opereta hakunipiga. Aliuinua mkanda kwenye taa akanionyesha pembeni mwa picha: kinjia chembamba chenye meno kama msumeno. Ile ndiyo sauti. Taa ndogo hupenya pale, na upande wa pili kuna jicho la umeme. Mwanga ukizidi, umeme unazidi, ukipungua, unapungua, spika inaimba. Mashine haijui mwimbaji ni nani na mchanga ni nini. Vyote huviimba.

(Watu waliuona mkwaruzo kwanza, wakausikia baadaye kidogo. Picha hupita kwa kushtukashtuka, sauti hutaka mkanda upite laini, kwa hiyo jicho la sauti huwekwa mbali na dirisha la picha, takriban picha 20. Hiyo haifiki sekunde moja, lakini mimi niliona mwaka.)

Kumbe kosa langu wenzetu walilifanya makusudi. Norman McLaren, Mskoti aliyekuja kufanya kazi miaka mingi Kanada, mwaka 1940 alitengeneza filamu iitwayo Dots. Alichora kwa mkono juu ya mkanda wenyewe, picha na sauti pia. Hakuna zumari, hakuna maikrofoni. Hesabu yake hata wewe unaiweza: mkanda hupita picha 24 kwa sekunde. Chora mistari 18 yenye nafasi sawa kando ya kila picha, utapata mitetemo 432 kwa sekunde, karibu sana na noti iitwayo “la”, ambayo wapiga fidla huanzia kukaza nyuzi. Chora 36, utapata “la” ya juu yake. Mstari mnene, sauti kubwa, mwembamba, ndogo. Mwaka 1971, katika filamu yake Synchromy, akaichukua michoro ileile ya sauti akaileta katikati ya skrini, akaipaka rangi. Unachokiona ndicho unachokisikia.

Sasa singeli. Siichukii, wajukuu wananipigia hapa kila siku. Lakini singeli inakuja na shughuli yake mwenyewe. Ukiibandika, miviringo yako itageuka wacheza ngoma kwenye harusi ya watu wengine.

Itazame filamu yako kimya mara tatu. Chagua mwendo mmoja, tuseme mviringo unaokua, uupe sauti moja. Shuka sokoni kwa samaki na simu yako, urekodi mbao za jahazi zikisuguana. Ningekuwa mimi ningekwenda shamba la mkonge kurekodi korona, ile mashine ya kuchuna majani ya mkonge: majani yakiingia mngurumo unabadilika, yakiisha unapanda tena. Kwenye programu ya kuhariri sauti ipunguze kasi nusu, uone inavyozama. Halafu kata vipande vinavyoanza pamoja na picha. Kama filamu yako nayo ni ya picha 24, kila picha ni milisekunde 42 hivi. Na pengine acha kimya. Kaka yako atauliza kama spika imekufa. Mwache aulize.

SWALI: Babu, haya ya kutunga muziki kwa mashine si mambo ya Wazungu tu? — Ngamiani, Tanga

JIBU: Hapana. Mwaka 1944 Mmisri Halim El-Dabh alirekodi ngoma ya wanawake ya kupunga pepo huko Cairo, wao huiita zar, akatumia mashine inayorekodi sauti kwenye waya. Kisha akaingia studio, akayaondoa mapigo na sauti za chini, akaacha mvumo wa juu tu. Mfaransa Pierre Schaeffer, ambaye wengi humtaja wa kwanza kutunga muziki wa namna hii, kazi zake za kelele ni za 1948. Ile ya Cairo ukiisikiliza usiku, usizime taa.